Lebo ya CD za kwaya: chapeni, msibandike

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ambaye ni mwandishi wa kwaya ya parokia yao. Anaandika: "Yaya, kwaya yetu imerekodi nyimbo kumi na moja, karibu dakika 70. Tunataka kutengeneza CD 150 sisi wenyewe na kuziuza siku ya mavuno. Tulinunua sokoni karatasi za stika za mviringo, tukachapa picha ya kwaya, tukabandika kwenye CD ishirini za kwanza. Baada ya wiki kadhaa shofa mmoja wa taksibisi akatuambia CD yetu imekwama ndani ya redio ya gari lake. Wengine wanasema nyimbo mbili za mwisho zinarukaruka. Je, kosa ni la stika au la CD? Halafu kuna kijana anayechapa fulana, anasema anaweza kutuchapia juu ya CD kwa rangi zake. Tumkubalie? Na juu ya CD tuandike nini ili ipendeze?"

Mama, kosa ni la stika. Ngoja nikueleze sababu, maana ukishajua CD imeundwa vipi, lile swali la kijana wa fulana litajijibu lenyewe.

Watu wengi wanaamini kwamba upande wa kulinda ni ule wa chini unaong'aa, na kwamba wa juu ni wa kuandikia tu, ufanye utakavyo. Mambo ni kinyume. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu unene huo wote ni plastiki safi iitwayo polikaboneti. Muziki haukai katikati ya plastiki hiyo. Kwenye CD mnazochoma wenyewe unakaa juu kabisa, ndani ya tabaka jembamba la rangi. Juu ya rangi kuna utando wa madini ya fedha unaorudisha mwanga, na juu ya fedha kuna lakeri, ngozi nyembamba mno ya kukinga. Basi, hakuna kingine. Mwale wa leza unaingia kutoka chini, unapita plastiki yote, unagonga fedha na kurudi. Mkwaruzo wa chini, kwa hiyo, una zaidi ya milimita nzima ya plastiki kabla haujaufikia muziki, na mara nyingi unaweza kusuguliwa ukaisha. Mkwaruzo wa juu unakata lakeri na kugusa fedha mara moja, na hapo hakuna fundi. Chukua CD mbovu yoyote nyumbani, iinue kuelekea dirishani. Vile vitundu vinavyopitisha mwanga ni mahali ambapo fedha imeng'oka, na imeng'oka kutokea juu.

Upande huo dhaifu ndio mliobandika karatasi yenye gundi.

Redio inaposoma wimbo wa kwanza, CD inazunguka kama mara 500 kwa dakika, na inapungua polepole hadi 200 hivi kwenye wimbo wa mwisho. Wimbo wa kwanza uko karibu na tundu, wa mwisho uko karibu na ukingo. Kwa mwendo huo wa pole, stika iliyokaa milimita moja pembeni haileti taabu kubwa. Ukiitia CD hiyohiyo kwenye kompyuta yenye kisomaji cha 52x, yaani kinachoweza kufika mara 52 ya mwendo wa kawaida, ni habari nyingine: pale mizunguko inaweza kufika 10,000 kwa dakika, na milimita hiyo moja inatosha kuitetemesha mashine mpaka ivume.

Kilichowapata ninyi zaidi, nadhani, ni hali ya hewa yetu. Karatasi hunywa unyevu na kuutoa. Polikaboneti haifanyi hivyo kwa kiasi kile. Wakati wa kiangazi, tangu Mei, hewa ya Lubumbashi ni kavu na karatasi inasinyaa. Mvua za Novemba zikianza, inavimba. Na kwa kuwa imegandishwa upande mmoja tu, ikijivuta inaivuta CD nzima nayo inapinda kama ungo. Kupinda huko ni kudogo, jicho halikuoni, ila leza inakuona. Katikati CD imebanwa na mashine, haiyumbi. Ukingoni ndiko inakopanda na kushuka. CD nzima ina nafasi ya dakika 80, ninyi mmetumia 70, kwa hiyo nyimbo zenu mbili za mwisho ziko huko ukingoni kabisa. Ndiyo maana wa kwanza unaimba vizuri na wa kumi na moja unaruka. Kama ingekuwa mikwaruzo tu, hata wimbo wa pili au wa tatu ungeruka.

Sasa shofa. Redio ya gari haina sinia linalotoka nje. Inaivuta CD kwa roli za mpira kupitia ufa mwembamba. Taksibisi ikisimama juani mwezi wa Oktoba, vioo vimefungwa, joto la ndani linalainisha gundi. Ukingo wa stika unainuka kidogo, vumbi letu jekundu linashika pale, na siku CD inapotaka kutoka, roli inaukamata ule ukingo na kuukunja. Shofa hana kosa lolote. Kama CD bado iko ndani, asiichokoe kwa kisu, kwa sababu lenzi ya leza iko hapohapo chini yake. Aipeleke kwa fundi wa redio aifungue. Na kama kwaya ina uwezo, msaidieni gharama ya fundi. Ni haki yake.

Zile ishirini zenye stika, msijaribu kuzibandua, si kwa maji, si kwa petroli. Stika ikitoka inaondoka na lakeri na fedha pamoja, na muziki umekwisha. Faili za studio mnazo, basi waiteni walionunua, wawarudishie, muwape nyingine. Kama kuna mtu aliyeandikiwa sala au salamu ndani ya CD yake na nakala nyingine haipo, ainakili kwenye kompyuta yenye sinia, kwa mwendo mdogo, na baada ya hapo asiitegemee tena. Na mkifikiria siku moja kutoa DVD ya video, stika ni marufuku kabisa. DVD ni vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja, maandishi yake ni madogo zaidi ya yale ya CD, nayo haivumilii kupinda hata kidogo.

Kijana wa fulana huenda ni fundi mzuri katika kazi yake, lakini msimpe CD. Rangi nzito ya fulana, ile iitwayo plastisoli, hukaushwa kwa joto la nyuzi 160 hivi. Polikaboneti huanza kulegea karibu na nyuzi 147. CD itakuwa imeharibika kabla rangi haijakomaa. Akikuambia atatumia rangi nyingine isiyohitaji moto, muulize inayeyushwa kwa nini. Ikiwa ni tina (thinner ya rangi) au asetoni, jibu ni lilelile, maana vitu hivyo hula plastiki hii. Kuna viwanda vinavyochapa CD kwa serigrafia, yaani kwa kupitisha wino kwenye wavu kama wa fulana, kweli, ila hutumia wino wa pekee unaokauka papo hapo chini ya taa ya urujuanimno, na havipendi oda ndogo. Kwa kijana huyo ipo kazi nyingine: fulana za wanakwaya za siku ya uzinduzi.

Njia ninayowashauri ni kuchapa moja kwa moja juu ya CD, kwa wino wa maji, kwenye CD zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Zinauzwa kama zile nyingine, kwenye mnara wa 25 au 50, lakini uso wake wa juu ni mweupe, haung'ai, na kwenye kifungashio pameandikwa "printable". Uso ule mweupe ni tabaka la ziada linalokunywa wino, na pia unaikinga lakeri. Hata msipochapa chochote, CD hizo ni salama kuliko zile za fedha tupu. Mkinunua, angalieni weupe unaanzia wapi. Nyingine zinaanza karibu na tundu, kwenye kipenyo cha milimita 22 au 23. Nyingine zinaacha duara kubwa la katikati bila weupe. Chagueni zile za kwanza, lebo itakuwa na nafasi. Mkikosa, chukueni za pili, ila pimeni kwa rula kabla hamjachora.

Printa lazima iwe na sinia lake la CD. Msijaribu kuisukuma CD ndani ya printa ya kawaida ya karatasi; mtaharibu vyote viwili. Zinazojulikana zaidi kwa kazi hii ni Epson L805 na ndugu yake mpya L8050, zile za kujazwa wino kwa chupa. Kununua moja kwa ajili ya CD 150 si lazima. Tafuteni mjini, au kwenye komuni zetu za Kenya na Kamalondo, sekretariati na studio za picha zinazotoa kadi za plastiki za wanafunzi na wafanyakazi. Nyingi zinatumia printa hizohizo zikiwa na sinia la kadi. Mwenyewe anaweza asijue kwamba mashine yake inachapa CD, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba. Mwulizeni kama alihifadhi sinia la CD lililokuja ndani ya boksi. Akilipata, mmepata mchapaji.

Chomeni kwanza, sikilizeni, ndipo mchape. Wengi hufanya kinyume kwa haraka ya kuona lebo. CD iliyoshindwa kuchomwa ikiwa tupu, mmepoteza CD tu. Ikiwa imekwisha kuchapwa, mmepoteza na wino na kazi. Zaidi ya hapo, CD iliyopita mikononi mwa wachapaji inakuja na alama za vidole na vumbi upande wa chini, na leza ya kuchomea haipendi vitu hivyo. Mwendo wa 16x unatosha, hakuna sababu ya kukimbilia 52x. Katika kusikiliza, nendeni moja kwa moja kwenye dakika mbili za mwisho za wimbo wa kumi na moja: pale pakiwa safi, kwa kawaida na kwingine ni safi. Tumieni laptopu yenye betri iliyojaa, maana umeme wa SNEL ukikatika katikati ya kuchoma, CD hiyo hairudi. Na printa nayo iwekwe kwenye inveta kama mwenyewe anayo. Lebo iliyokatwa nusu ni vigumu sana kuiendeleza bila mstari kuonekana.

Wakati wa kuchoma kuna lebo moja isiyohitaji wino ambayo karibu kila kwaya inaisahau. Programu za kuchomea, kama ImgBurn au Nero, zina sehemu ya CD-Text, mahali pa kuandika jina la kwaya na jina la kila wimbo. Jazeni sehemu hiyo. Redio nyingi za magari zenye kioo zitaonyesha jina la kwaya yenu huku wimbo ukiimba, hata kama CD haina maandishi yoyote juu yake. Na zile faili za MP3 mtakazowapa watu kwenye flashi, zijazieni majina vilevile. Faili iitwayo "Track 05" ikishahama simu mbili tu, hakuna anayejua ni ya nani.

Kwenye printa, chagueni aina ya karatasi iwe CD/DVD. Wekeni kipenyo cha nje milimita 118 na cha ndani kile mlichopima. Msichape hadi 120 kamili: wino utaangukia ukingo na sinia, na CD inayofuata itachafuka. Ya kwanza itatoka imehama milimita moja au mbili upande mmoja, hilo ni la kawaida. Programu ya Epson ina mahali pa kuisogeza picha kulia, kushoto, juu na chini. Rekebisheni kwa kutumia CD moja iliyoharibika, yenye uso mweupe, mpaka duara likae katikati.

Kisha subira. Wino huu unaonekana umekauka baada ya dakika kumi, lakini ndani bado una maji. Zipangeni CD juu ya meza, zisigusane, mbali na jua, mziache saa 24. Mkizirundika mapema, ya juu itachukua rangi ya ile ya chini kwa upande wake wa kusomea. Mjue pia kwamba wino wa chupa wa printa hizi haupatani na maji: kidole chenye jasho kinaacha alama, tone la mvua linaacha doa. Mkitaka lebo isiyoogopa maji, zipo CD nyeupe zenye uso wa kung'aa zilizotengenezwa kuzuia maji; ni ghali zaidi, na kwa kwaya inayouza kwenye uwanja wa kanisa msimu wa mvua, mimi ningetoa hiyo tofauti. Vanishi ya kupuliza siipendekezi. Ile ya mafundi wa bodi za magari ina tina kali, na nimeona CD zikigeuka ukungu baada ya kupuliziwa.

Kama printa ya namna hiyo haipatikani, msirudi kwenye stika. Andikeni kwa mkono. Mtu mwenye mwandiko mzuri, kalamu ya feltri yenye wino wa maji au wa pombe, na maneno machache karibu na katikati, kwenye ile plastiki angavu inayozunguka tundu ambako hakuna muziki chini yake. Biki hapana: ncha yake inachimba lakeri. Kama mna uso mweupe, muhuri wa mpira wenye alama ya kwaya unakaa vizuri, ukigandamizwa pole juu ya kitambaa. CD ya mwandiko safi ndani ya kava zuri ina heshima kuliko stika ya rangi kumi. Uzuri mwingi wa kazi yenu unaweza kukaa kwenye kava. Juu ya CD kunahitaji usalama na jina.

Mtu anaweza kuwauzia kompyuta ya mtumba na kuwaambia kisomaji chake kinachora lebo chenyewe kwa leza. Ni kweli, teknolojia hiyo iliitwa LightScribe, ya kampuni ya HP, ilitangazwa mwaka 2004. Lakini inataka CD za aina yake tu, na hizo hazitengenezwi tena. Msifuate njia hiyo.

Tuje kwenye mchoro wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kwaya nyingi zinapotaka kuweka kila kitu.

CD ni duara lenye tundu katikati, na katikati ndipo jicho la mtu linapoenda kwanza. Picha ya kwaya ya watu arobaini, mkiipunguza hadi sentimita 12, kila uso unakuwa na ukubwa wa punje ya mahindi, na anayesimama katikati, mara nyingi ndiye mwalimu wa kwaya, kichwa chake kinaingia kwenye tundu. Picha hiyo iwekeni nyuma ya kava, kwa upana, ambako mama wa kila mmoja atamwona mtoto wake. Juu ya CD wekeni rangi moja iliyotulia, alama ya kwaya upande mmoja, na maneno. Kama mna kitenge cha sare, kipigeni picha mchana kivulini, kikiwa kimenyoshwa, mtumie ukanda wake mwembamba kuzunguka ukingo. Watu watawatambua kwa hicho hata kabla hawajasoma. Msijaze CD yote rangi nyeusi au bluu nzito, kwa sababu wino unakuwa mwingi, unachelewa kukauka, na herufi nyeupe nyembamba zinamezwa.

Maneno yasiyokosekana juu ya CD yenyewe ni haya: jina la kwaya na la parokia, jina la albamu, mwaka, na namba ya simu. Nasisitiza namba ya simu. Kava linapotea mwezi wa kwanza. CD inaendelea kuishi bila kava ndani ya taksibisi, kwenye duka la kinyozi, kwa shangazi kule Likasi. Anayeisikia huko na kuipenda atawapata vipi? Orodha ya nyimbo iwekeni kushoto na kulia kwa tundu ikiwa majina ni mafupi, vinginevyo iacheni kwa kava. Herufi zisiwe chini ya pointi 7, na kila neno likae milimita 3 ndani ya ukingo, pamoja na ukingo wa tundu. Maandishi ya kuzunguka yanapendeza kwa jina moja tu, pale juu. Mkizungusha mistari mitatu, msomaji atalazimika kuigeuza CD mkononi kila anaposoma.

Kwa kuchora, Photoshop ya kijana wenu inafaa, na Publisher nayo inaweza. Kama kompyuta haina mojawapo, Inkscape ni ya bure na inachora duara kwa milimita kamili. Katika Photoshop fungueni ukurasa wa sentimita 12 kwa 12 wenye nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1,417 kila upande. Chora duara la milimita 118, na la ndani la 23 au kipimo chenu, kwenye tabaka la peke yake, mlifiche kabla ya kuchapa. Picha ziombeni zitumwe kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, maana ile ya kawaida inabanwa, na ukikata sehemu yake tu kuikuza, nyuso zinakuwa na ukungu. Kabla ya kuchapa CD hata moja, chapeni mchoro kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi, mkate kwa mkasi, mweke juu ya CD. Mpeni mzee asiyeona vizuri asome namba ya simu. Akiisoma, endeleeni.

Kava. Kwa kile kibweta chembamba cha plastiki, karatasi ya mbele ni milimita 120 kwa 120, na A4 moja inatoa mbili. Kwa kibweta kinene, ya nyuma ni milimita 151 kwa 118, ambapo milimita 6.5 za kila upande zinakunjwa kuwa mgongo. Andikeni jina la kwaya kwenye migongo hiyo, maana ndilo linaloonekana CD zikipangwa kwenye rafu. Hapa sekretariati yoyote yenye printa nzuri ya leza inatosha, kwa karatasi ya gramu 150 hivi. Stika zenu zilizobaki zitumieni hapa, kufungia bahasha au kuweka alama kwenye maboksi. Ila zikiwa zile za wino wa maji, zisiingie kwenye printa ya leza, maana joto lake linayeyusha gundi ndani ya mashine ya mtu.

Kama mtatumia bahasha badala ya kibweta, iwe ya karatasi nyeupe nzuri yenye dirisha, si katoni la maboksi wala gazeti. Hili si suala la uzuri tu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiwanda cha PDO kilichokuwa Blackburn, Uingereza, kilitoa CD nyingi zilizogeuka rangi ya shaba baada ya miaka na kuacha kuimba. Ilionekana kwamba zilipakwa fedha, na lakeri yake haikuweza kuzuia salfa iliyokuwa kwenye karatasi za kava. CD zenu za kuchoma nazo zina fedha. Kiwanda kikubwa kilipoteza kazi yake kwa sababu ya karatasi iliyolala juu ya CD, na ninyi CD hizo mnataka zisikilizwe na wajukuu.

Nyuma ya kava kuna mistari midogo ambayo watu huidharau. Alama ya © na mwaka na jina ni ya nyimbo, maneno na mchoro. Alama ya ℗ na mwaka na jina ni ya ule urekodi wenyewe. Andikeni zote mbili. Kila wimbo uandikiwe jina la aliyeutunga, na la aliyeupanga kwa sauti kama ni mwingine. Sheria yetu ya haki za mtunzi, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamlinda mtunzi, awe amekufa hivi karibuni au anaishi parokia ya jirani. Kama kati ya zile kumi na moja kuna wimbo wa kwaya nyingine, ombeni ruhusa kwa barua kabla ya mavuno, si baada. Chombo kinachosimamia mambo hayo nchini ni SOCODA, na mwalimu wenu anaweza kuandikisha humo nyimbo alizotunga yeye. Wapigaji vyombo na fundi wa studio nao watajwe kwa majina. Hawalipwi sana, na jina kwenye kava ndilo wanaloonyesha wanapotafuta kazi inayofuata.

Msichape zote 150 kwa siku moja. Chapeni kumi kwanza. Mbili zipeleke kwenye taksibisi, moja kwa mama mwenye redio ya zamani, moja ibaki kwenye dirisha lenye jua ili muone rangi inavyopauka na kama muziki unadumu. Baada ya wiki mbili mtajua la kurekebisha. Na oda zikija kuzidi 500, niandikie tena kabla hamjanunua CD tupu, kwa sababu kwa idadi hiyo inafaa kuuliza bei ya kiwanda kinachogonga CD kutoka kwenye kalibu yake na kuzichapa kwa serigrafia. Hizo hazina tabaka la rangi ya kuchomwa linalooza kwa jua, na michoro utakayokuwa nayo tayari, kwa vipimo hivi, wataipokea ilivyo.